Programu ya ripoti ya kununua ikiwa mwaka wako wa fedha huanza Julai

Lalamiko linalonifikia mara kwa mara kutoka kwa wahasibu wa SACCO na wa shule ni kwamba programu ya ripoti imenunuliwa kwa fedha nyingi, chati zake zinapendeza, lakini jedwali la makusanyo linaanza na Agosti, kisha Aprili, kisha Desemba. Kompyuta imepanga miezi kwa alfabeti, ilhali mwaka wa fedha wa serikali hapa Uganda huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Sitazungumzia rangi za chati wala kasi, kwa kuwa hayo muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Ninachopima ni kimoja: je, mpangilio ulioweka mwenyewe hubaki palepale mkubwa wako anapobofya kichwa cha safu ili kulipanga jedwali upya?

Nafasi ya kwanza naipa Power BI ya Microsoft, wala sifichi kwamba naipendelea. Unaongeza safu ya namba, Julai ikiwa 1 na Juni 12, unaiagiza safu ya miezi ifuate namba hizo, kisha safu ya namba unaificha. Agizo hilo hukaa kwenye data yenyewe, hivyo kila jedwali na kila chati yenye miezi hiyo hulitii, na anayebofya kichwa cha safu hupata Julai hadi Juni au Juni hadi Julai, basi. Sharti lake ni kwamba jina moja lisiwe na namba mbili: ukiipa Julai 202407, yaani mwaka na mwezi pamoja, kwa mwaka mmoja na 202507 kwa mwaka unaofuata, programu hukataa, na wengi hudhani imeharibika. Toleo la kompyuta ni la bure, ingawa linahitaji Windows. Leseni ya Pro, ya kuwashirikisha wengine ripoti zako, ilipanda Aprili 2025 kutoka dola 10 hadi 14 kwa mtumiaji kwa mwezi.

Tableau inafuata. Unaburuta majina kwa mkono mpaka yakae unavyotaka, jambo linalofaa sana kwa ripoti za afya, ambamo alfabeti hutanguliza Hospitali ya Rufaa na kukiacha nyuma Kituo cha Afya II, kilicho cha ngazi ya chini. Hata hivyo, leseni ya mtengenezaji wa ripoti ni dola 75 kwa mwezi, nayo hulipwa kwa mwaka mzima. SACCO ndogo ya Mbale itaitoa wapi?

Excel ni ya tatu. Orodha yako ya miezi unaweza kuiandika, lakini hukaa kwenye kompyuta yako, na mwenzako akiunda jedwali jipya kwenye yake, hana orodha hiyo.

Kinachoniudhi ni mawakala wanaouza programu hizi. Hutaja bei kwa dola na kuibadilisha kwa kiwango chao wenyewe, VAT ya asilimia 18 huibuka kwenye ankara tu, na kazi ya dakika chache niliyoieleza hapo juu huiuza peke yake kwa jina la mafunzo. Ukiwaomba wabofye kichwa cha safu mbele yako kabla ya kulipa, hukurudisha kwenye chati.

Kwa wasio na bajeti, Looker Studio ya Google ni ya bure lakini itakubidi uandike fomula ya kuupa kila mwezi namba. LibreOffice Calc, ya bure vilevile, hukuruhusu kuandika orodha yako ya mpangilio, na kwa anayechapisha ripoti kwenye karatasi inatosha.