Ziara ya "historia ya majini" Forodhani: Glasgow haikuwa kijimeli

Ziara yenyewe ya miguu, ndani ya Mji Mkongwe. Bei si mbaya, wanaanza kwa wakati, vichochoro wanavijua. Hasira yangu iko mahali pamoja tu: ukutani pale Forodhani. Muongozaji alinyoosha kidole baharini, akasema vita vya 1896, Waingereza dhidi ya Zanzibar, viliisha kwa dakika 38 kwa sababu Sultani "alikuwa na kijimeli kimoja". Watu wakacheka, tukapelekwa kununua viungo.

Kijimeli! Meli yenyewe ni Glasgow, iliyoundwa na kampuni ya Denny wa Dumbarton, Uskochi, mwaka 1878, kwa agizo la Sayyid Barghash, Sultani wa wakati huo, baada ya kimbunga cha 1872 kumvunjia merikebu zake. Ilikuwa na mizinga saba ya ratili tisa na bombomu moja ya Gatling. Ukitaka kujua kwa nini ilizama siku ile ya vita, anzia kwenye mizinga hiyo. Ilipakiwa mdomoni. Unapitisha sponji ya maji ndani ya mtutu ili cheche iliyobaki isije ikawasha baruti mpya mikononi mwako, unatia mfuko wa baruti, unashindilia kombora kwa mti, unausukuma mzinga mbele, unalenga, unapiga, kisha unaanza upya. Kombora lenyewe kilo nne. St George, manowari ya Admirali Rawson wa Uingereza, ilikuwa na mizinga ya inchi sita inayopakiwa kwa nyuma, upesi upesi, na kila kombora kilo 45. Na Glasgow ilikuwa imetia nanga. Hata hivyo mabaharia wake waliifyatulia St George mizinga! Ilipozama, milingoti ilibaki imechomoza mbele ya mji kwa miaka, hadi mabaki yalipovunjwa 1912. Cha kuchekesha hapo ni kipi?

Mzee mmoja akauliza, kwa adabu kabisa, habari za Sultana, merikebu ya Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, ile iliyofika New York mwaka 1840 chini ya Ahmad bin Naaman ikiwa na pembe, karafuu, ngozi na tende, Wamarekani wakaikarabati kwenye karakana ya jeshi lao la majini kule Brooklyn. Akajibiwa: "Mzee, hayo hayamo kwenye ratiba." Akageuziwa mgongo. Mtu mzima anajibiwa hivyo, Unguja!

Na Liverpool je? Manowari ya mizinga 74, iliyoundwa Bombay, Seyyid Said akamtunukia Mfalme William IV wa Uingereza, Waingereza wakaiita Imaum. Haikutajwa hata mara moja, kwenye ziara inayouzwa kwa jina la historia ya majini.

Nilikusudia kutoa nyota tatu, kwa kuwa kijana huyo huyo alieleza majahazi na misimu ya kaskazi na kusi vizuri mno, bila haraka. Ina maana anaweza, ila hizi manowari hakutaka kuzisoma. Basi natoa mbili. Hapana, kwa lile jibu alilopewa mzee, ni moja. Mwenye kumjua muongozaji anayeifahamu Glasgow aniambie, nitamlipa maradufu.