Bekapu ya Windows inaamka kwenye Linux? Nimeipima mysqldump hapa Kigoma

Habari za huko mliko ndugu watazamaji, karibuni tena. Nipo Kigoma, Mwanga, na leo mezani kuna mashine mbili. Hii ya kushoto ni kompyuta ya Windows yenye XAMPP, kifurushi kinachokuwekea MySQL au MariaDB pamoja na PHP kwa mara moja, imetoka dukani kwa mteja wangu. Ya kulia ni kompyuta ndogo niliyoiwekea Debian 12, aina mojawapo ya Linux, haina skrini, naiingia kwa mtandao. Katikati kuna flashi. Bidhaa ninayoichambua ni mysqldump, programu ya kutolea bekapu inayokuja bure pamoja na MySQL na MariaDB, zile seva za kanzidata zinazotunza data kwenye majedwali. Ukiwa na MariaDB mpya utaikuta kwa jina la mariadb-dump, ni ileile.

Sitaipima kwa kasi ya kutoa bekapu. Naipima kwa jambo moja: data iliyotoka mashine hii ya kushoto itafanya kazi kwenye hii ya kulia?

Nasema mashine nyingine kwa makusudi. Ukirudisha bekapu kwenye mashine ileile iliyoitoa, karibu kila mara itakubali, kwa sababu chochote kilichosahaulika kwenye faili bado kipo kwenye mashine. Watumiaji wapo, mipangilio ipo, herufi zinasomeka. Kwa hiyo unaona imefaulu, unalala. Mashine ngeni haina cha kukusaidia. Inajua kile tu kilichoandikwa kwenye faili.

Hili nililijua kwa gharama, na naomba niwasimulie vizuri kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Kuna duka la jumla la saruji na mabati upande wa Kibirizi, jina naliacha. Wateja wao wengi wanavuka ziwa, wanatoka Kalemie, wengine Uvira, na wengi wanachukua mzigo kwa mkopo. Mfumo wa mauzo niliutengeneza mimi. Siku moja umeme ukakatika katikati ya kazi, uliporudi XAMPP ikagoma kuwasha MySQL. Yale maandishi mekundu ya kwamba imezimika bila kutarajiwa, nadhani wengi wenu mmeshayaona. Mama mwenye duka akanipigia usiku, hakuuliza habari ya kompyuta kabisa. Aliuliza, "Mwanangu, madeni ya watu wa Kalemie yamo humo?" Nikamjibu, "Mama, usiwe na shaka, bekapu ninayo ya jana jioni."

Nilikuwa nayo kweli. Nilikuwa nimemwekea skripti ya PowerShell, dirisha la amri la Windows, inayoita mysqldump kila jioni na kumwaga matokeo kwenye faili kwa ile alama ya mshale, kubwa-kuliko. Folda ilikuwa imejaa mafaili, kila moja na tarehe yake. Nikachukua la mwisho, nikalipeleka kwenye Linux, nikaandika amri ya kurudisha. Likakataa palepale mwanzoni.

Hebu tusogee kwenye skrini niwaonyeshe, faili hilo bado ninalo. Tazama hapa. Programu ya mysql inayopeleka maagizo kwa seva inalalamika kwamba imekuta ASCII '\0', yaani baiti ya sifuri, ndani ya sentensi. Maana yake nini? Nikilifungua faili kwa kuangalia baiti moja moja, kila herufi imefuatiwa na sifuri. C, sifuri. R, sifuri. E, sifuri. PowerShell inayokuja na Windows, toleo la 5.1, ukiielekeza kwa mshale inaandika faili kwa UTF-16, mfumo wa kuandika kila herufi ya kawaida kwa baiti mbili, na MySQL haisomi maagizo kwa UTF-16. Mwongozo wa MySQL wenyewe umelionya jambo hili, nami sikuwa nimeusoma. Miezi yote ile nilikuwa nazalisha mafaili ambayo hakuna seva ingeyapokea yalivyo.

Linarekebishika. Kwenye Linux kuna programu inaitwa iconv, inageuza UTF-16 kuwa UTF-8, mfumo wa herufi ambao MySQL inausoma. Nikageuza, nikarudisha, safari hii ikapita. Nikafurahi, nikafungua jedwali la wateja. Mteja anayeitwa Désiré ameandikwa hivi: D├⌐sir├⌐. Cécile naye vilevile. Majina yetu ya huku, kina Hamisi na kina Ntahondi, yako salama, kwa sababu hayana alama juu ya herufi. Wateja wa ng'ambo ya ziwa wana majina ya Kifaransa, na hao ndio wenye madeni.

Kilichotokea ni kwamba PowerShell, kabla ya kuandika hiyo UTF-16, ilisoma herufi za mysqldump kwa jedwali la zamani la herufi, CP437. Herufi é kwenye UTF-8 ni baiti mbili, yenyewe ikazisoma kama alama mbili tofauti. Dawa yake ni kurudi kinyumenyume: unaligeuza lile faili la UTF-16 kwenda CP437, na baiti za asili zinarudi mahali pake kama UTF-8 halali. Nilifika hapo karibu na alfajiri. Désiré akasomeka Désiré.

Sasa amri iliyo sahihi ni hii, isome nami polepole:

mysqldump -u root -p --single-transaction --routines --events --default-character-set=utf8mb4 --result-file=D:\bekapu\duka.sql duka

Hiyo --result-file ndiyo inayoiondoa PowerShell njiani. mysqldump inaandika faili yenyewe, mshale hauna kazi. --single-transaction inakupa picha ya wakati mmoja bila kuwafungia wauzaji mauzo, ila kumbuka inafanya hivyo kwa majedwali ya InnoDB tu, aina ya jedwali inayotumika zaidi siku hizi. Kama una majedwali ya zamani ya MyISAM, toa bekapu duka likiwa limefungwa. --routines na --events ni kwa sababu mysqldump, usipoiambia, inaacha taratibu zilizohifadhiwa ndani ya kanzidata pamoja na kazi zilizopangiwa saa. Vichochezi, yaani maagizo yanayojiendesha data inapobadilika, inavichukua yenyewe. Hapo mimi naikata alama. Programu ya bekapu ingetakiwa kuchukua kila kitu, anayetaka kupunguza ndiye aseme.

Faili likishatoka, angalia mstari wake wa mwisho. Huu hapa: "Dump completed on", halafu tarehe na saa. Mstari huo ukikosekana, faili limekatika, labda flashi ilijaa au umeme ulikwenda. Faili lililokatika ni la hatari kwa sababu linafunguka vizuri, majedwali ya mwanzo yanarudi bila shida, na wewe unajua imekwisha kumbe nusu haipo.

Haya, tunahamia mashine ya kulia. Naunda kanzidata tupu kwanza, kwa sababu mysqldump haiweki agizo la kuunda kanzidata ikiwa hukutumia --databases. Narudisha. Imemaliza kimya. Kwenye kazi hii ukimya ni habari njema, lakini bado hatujamaliza. Nafungua mfumo wa mauzo kwenye simu yangu, nauelekeza kwenye seva mpya, naingia sehemu ya wateja. Mmeona? Inasema jedwali duka.Wateja halipo, kosa namba 1146. Jedwali lipo, nimetoka kuliona! Ila lipo kwa w ndogo. Kwenye Windows, MariaDB inahifadhi majina ya majedwali kwa herufi ndogo na haijali wewe umeandika vipi. Kwenye Linux, Wateja na wateja ni vitu viwili. Mimi kwenye kodi yangu, yaani maandishi ya programu niliyoyaandika, kuna mahali nimeandika kwa herufi kubwa, kuna mahali kwa ndogo, na kwa miaka yote Windows ilinivumilia. Unaweza kuweka lower_case_table_names=1, inayoifanya Linux nayo isijali herufi kubwa na ndogo, kwenye mipangilio ya MariaDB kabla ya kurudisha data. Kwa MySQL 8 ni lazima uiweke wakati seva inaanzishwa mara ya kwanza kabisa, baadaye haikubali. Ushauri wangu ni kupitia kodi na kunyoosha majina.

Lingine linajificha zaidi. Nauza mfuko mmoja wa saruji, wa majaribio. Kosa 1449. Kuna kichochezi kinachopunguza mifuko ya stoo kila mauzo yanapoingia, na ndani ya faili la bekapu kichochezi hicho kimeandikwa jina la aliyekiunda: 'muuzaji'@'localhost'. Bekapu ya kanzidata moja haibebi watumiaji, wao wanakaa kwenye kanzidata nyingine inayoitwa mysql. Kwa hiyo kichochezi kimefika Debian, mwenyewe amebaki Windows. Na angalieni wakati kosa lilipotokea: nilipokuwa narudisha hakukuwa na onyo lolote, limejitokeza kwenye mauzo ya kwanza. Kama ningemkabidhi mama seva hii jana, dada wa kaunta ndiye angekutana nalo asubuhi, mteja amesimama mbele yake na boti inasubiri. Unda watumiaji wote kwanza, kwa majina yaleyale, halafu ndiyo urudishe data.

Kuhakiki sasa. Usitumie idadi ya mistari inayoonyeshwa na phpMyAdmin, ule ukurasa wa kusimamia kanzidata kwenye kivinjari. Ile yenye alama ya ~ mbele ni makadirio tu kwa majedwali ya InnoDB, unaweza kuona tofauti isiyokuwepo ukahangaika bure. Andika SELECT COUNT(*), inayohesabu mistari kweli, kwa kila jedwali, kwenye mashine zote mbili. Kisha jumlisha safu yenye pesa. Mimi najumlisha madeni yote, kushoto na kulia, shilingi kwa shilingi. Halafu natafuta jina lenye é.

Najua mtaniuliza, kwa nini nisinakili tu folda ya C:\xampp\mysql\data? Nimeshaletewa folda za hivyo na vijana wengi. Ukinakili folda ya kanzidata yako peke yake ukaacha ibdata1, faili la pamoja la InnoDB, utaona majina ya majedwali yamepangana vizuri, ukibonyeza unaambiwa jedwali halipo kwenye injini. Na kuhamisha folda hiyo kutoka Windows kwenda Linux, toleo hadi toleo, sikushauri hata kidogo. phpMyAdmin ni nzuri kwa kanzidata ndogo, ila kurudisha kunapita kwenye PHP, lugha inayoiendesha phpMyAdmin, na PHP isiporekebishwa inapokea faili lisilozidi MB 2. XAMPP wameiongeza hadi MB 40. Duka likikua unapita hapo. Kwa kanzidata kubwa sana iko mydumper na mwenzake myloader, zinafanya majedwali kadhaa kwa wakati mmoja. Faili la mysqldump linarudi agizo baada ya agizo kwa njia moja tu, kwa hiyo kwa data nyingi utasubiri. Kwa duka, zahanati au chama cha ushirika, mysqldump inatosha.

Anayepeleka kwenye seva ya kukodi nje ya nchi, kandamiza faili kwanza kwa gzip, programu ya kupunguza ukubwa wa faili. Maagizo ya SQL yanarudiarudia maneno yaleyale, yanakandamizika sana, bando lako litakushukuru.

Kuna jambo la safari ya kurudi, yaani kutoa bekapu kwenye Debian na kuijaribu kwenye XAMPP. Tangu Mei 2024 MariaDB wameongeza mstari wa kwanza kwenye faili wenye maneno "sandbox mode", ili faili lenye nia mbaya lisiweze kuendesha amri kwenye mashine yako. Ni ulinzi mzuri. Ila XAMPP ya toleo la 8.2.12 ina MariaDB 10.4.32, haiujui mstari huo, na inakataa kwa kusema haitambui amri '\-'. Futa mstari huo wa kwanza, hakikisha faili ni la kwako mwenyewe, endelea. Na kwa kuwa matengenezo ya MariaDB 10.4 yalikoma Juni 2024, hiyo peke yake inatosha kumhamisha mteja wako.

Alama zangu: mysqldump naipa nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa zile taratibu inazoziacha na kwa watumiaji isiowabeba bila hata kukuonya. Inafaa kwa anayekubali kukaa na mashine ya pili na kurudisha kweli. Kompyuta iliyotumika inatosha, hata laptopu iliyovunjika skrini.

Kwa mama wa Kibirizi nimebaki nayo. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nachukua faili la jana yake, nalirudisha kwenye hii ya kulia, nampigia simu. Anachagua jina la mteja yeyote, mimi nasoma deni kutoka seva ya pili, yeye anafuata kwenye daftari lake la mkono. Mwezi huu amechagua Désiré.