Springi na shoki kwanza, bulbaa baadaye: mwongozo kwa wenye Prado, Hilux na fowili nyingine

Tembea kwenye maegesho yoyote ya Nakuru au Kisumu uangalie fowili zilizopaki, yaani magari ya magurudumu manne yenye kuvuta. Hutakosa Prado yenye bulbaa, kile kinga kizito cha chuma kinachofungwa mbele, pua imeinama, springi za mbele zimelala na shoki za nyuma, yaani vidhibiti vya mtikisiko, zinavuja mafuta. Mwenyewe alilipia kinachoonekana. Mimi naupanga ununuzi huu kinyume: fedha za kwanza ziende chini ya gari, na bulbaa isubiri mpaka ujue kama unaihitaji kweli.

Kabla ya kuuliza bei, jua uzito. Pakia gari kama unavyosafiri nalo, tangi likiwa limejaa, familia ndani na magunia nyuma, kisha litafutie mizani ya malori. Wafanyabiashara wa nafaka wa Nakuru, Eldoret na Kitale wanayo. Omba upimiwe magurudumu ya mbele peke yake, halafu ya nyuma. Rudia siku gari likiwa tupu. Nambari hizo nne zitakuokoa kuliko ushauri wa muuzaji yeyote, kwa sababu springi hutengenezwa kwa mzigo: kuna nyepesi, za wastani na nzito. Dukani utaulizwa unataka kuinua inchi ngapi. Wewe jibu kwa kilo.

Springi ya kubeba kilo 300 za ziada kila siku, ukiifunga kwenye gari linalobeba watu wawili na mkoba, haitakupa nguvu yoyote. Gari litakuwa gumu, na kwenye marram iliyokunjamana kama bati nyuma itarukaruka na kukwepa kando unapokata kona. Ukikosea upande wa pili, springi laini chini ya shehena ya viazi kutoka Kuresoi, gari litagonga vizuizi vya mpira kwenye kila tuta mpaka vichakae.

Shoki nazo zina kipimo rahisi. Endesha kilomita kadhaa kwenye barabara mbovu, simama, kisha gusa kila moja kwa uangalifu. Shoki hufanya kazi kwa kugeuza mtikisiko kuwa joto, kwa hiyo iliyo hai itakuwa na moto. Iliyo baridi wakati wenzake wana moto imekufa, hata kama haivuji tone. Angalia pia tairi: likiliwa kwa mabonde mabonde kuzunguka mzingo wake, mara nyingi shoki imeacha kulishika.

Sasa mpangilio wangu, kwa kuangalia thamani ya shilingi na barabara zetu.

Nafasi ya kwanza, kwa watu wengi: shoki mpya za daraja la kiwandani, mfano KYB ya Japani, pamoja na bushi mpya zote (mipira ya kwenye viungo vya chini ya gari), na springi za nyuma zilizopanda daraja moja ikiwa unabeba mzigo kila wiki. Gari lako linaenda kazini mjini, Jumamosi linapanda Njoro kwenda Mau Narok, mwezi mara moja linafika nyumbani Kakamega au Bungoma. Huhitaji zaidi ya hapo. Watu wengi husema gari lao "halina nguvu chini" wakati tatizo ni bushi zilizokatika na shoki zilizokuja nalo kwenye meli. Hatari hapa ni bidhaa bandia, maana jina likivuma huigwa. Nunua kwa muuzaji anayekupa risiti yenye nambari ya kipuri, na uhakikishe nambari hiyo ni ya modeli na mwaka wa gari lako. Kagua rodi, ile fimbo inayoingia na kutoka kwenye shoki: iwe laini kabisa, isiwe na alama wala kutu. Ukiona rangi imepakwa juu ya mshono mbaya wa kuchomelea, rudisha kaunta.

Nafasi ya pili: seti kamili ya Australia, yaani springi na shoki zilizotengenezwa zifanye kazi pamoja. Old Man Emu, iliyo chini ya kampuni ya ARB, ndiyo inayojulikana zaidi, na Ironman na Tough Dog zinaifuata. Bei ni kubwa, na bado naiweka ya pili kwa sababu kwa gari la kazi inarudisha fedha yake. Nazungumzia daktari wa mifugo anayezunguka Mlima Elgon, mkandarasi mwenye Hilux inayobeba zana kila siku, au mtu anayeshuka mteremko wa Marich na kuendelea mpaka njia za pembeni za Turkana. Shoki za Ironman na Tough Dog za aina ya "foam cell" zina povu ndani badala ya gesi, ili mafuta yasichanganyike na hewa yakipata moto. Kwenye marram ndefu utaisikia tofauti, kwa sababu shoki ya kawaida hulegea kadiri safari inavyoendelea, hizi hushikilia. Ukinunua seti, usiivunje. Springi zake na shoki za kampuni nyingine ni ndoa ya bahati nasibu.

Bilstein naipa nafasi ya tatu, na wapenzi wake watanikasirikia. Ni shoki nzuri sana na inashika lami kwa uthabiti. Lakini nyingi zake zina silinda moja, na pistoni inapita moja kwa moja kwenye ukuta wa nje. Jiwe moja la Mau likiubonyeza ukuta huo, pistoni inakwama. Shoki ya silinda mbili ikipigwa jiwe hilohilo hubonyea nje na ndani ikaendelea na kazi. Kwa mwenye kukimbia barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, Bilstein inafaa. Kwa njia za mawe, hapana.

Nne ni kuongezewa jani kwenye springi za majani, zile za bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, kazi ambayo mafundi wa jua kali wa Nakuru na Kisumu wanaijua vizuri. Kwa pikapu ya mzigo ni suluhisho halali na la bei nafuu, mradi jani liwe chuma cha springi na lipinde sawa na wenzake. Fanya pande zote mbili. Ukiongeza upande mmoja uliolala, gari litavuta kando unapofunga breki.

Shoki za mtumba kutoka Japani siziweki kwenye orodha. Unanunua umri usioujua. Na vipande vya kuinua gari vinavyopachikwa juu au chini ya springi, vya plastiki au alumini, vinainua bodi bila kuongeza hata kilo moja ya uwezo. Kwenye gari lenye mbele huru, yaani kila gurudumu la mbele linapanda na kushuka peke yake, kama Prado 120 au 150, kupanda zaidi ya milimita 50 hivi kunaipa mihimili ya magurudumu ya mbele pembe mbaya, na buti za mpira zikipasuka, matope ya Kano yanaingia kwenye jointi.

Bulbaa sasa. Ya chuma kamili, iliyotengenezwa kubeba winchi (mashine ya kuvuta gari lililokwama), huwa na kilo 50 mpaka 70 na zaidi. Winchi yenye waya wa chuma huongeza kilo 30 hadi 40. Hizo ni kama kilo 100, na zimening'inia mbele ya magurudumu, kwa hiyo springi za mbele zinasikia zaidi ya hapo na nyuma inakuwa nyepesi. Ndiyo maana springi hununuliwa kwa kuhesabu bulbaa ambayo bado hujaifunga. Kamba ya plastiki badala ya waya itakupunguzia kilo kadhaa.

Bora kwa fedha ya kawaida ni bulbaa iliyotumika, ya kampuni kubwa, iliyotengenezwa kwa modeli yako hasa. Chuma hakizeeki haraka, na mabano yake yamebuniwa yajikunje kwenye ajali ili mifuko ya usalama ya ndani (airbag) ifunguke kwa wakati wake. Kagua mabano hayo kwanza: yakiwa yamekunjwa yakanyooshwa, achana nayo.

Kwa gari la mjini, nafasi ya pili ni kutofunga yoyote. Nasema kwa dhati. Waenda kwa miguu ndio wengi zaidi kati ya wanaokufa kwenye barabara za Kenya, na chuma kigumu kwenye kimo cha nyonga ya mtu mzima na kichwa cha mtoto hakina huruma. Kama husafiri usiku kwenye njia za ng'ombe, punda na pundamilia, unambebea jirani yako hatari bila faida kwako.

Bulbaa ya fundi wa hapa inakuja ya tatu, na kwa Land Cruiser ya zamani isiyo na mifuko ya usalama naikubali kabisa. Masharti: ishikwe kwa bolti, isichomelewe kwenye chesisi, isizibe hewa ya rejeta, maana kupanda Timboroa na mzigo kutakuumbua, kingo zote ziwe za mviringo. Kwa gari lenye mifuko ya usalama, usimpe fundi abahatishe. Alumini ni nyepesi na haishiki kutu, ila ikipasuka mafundi wa kuichomelea vizuri ni wachache. Yale mabomba membamba yanayong'aa yaliyoshikwa na bolti mbili hayazuii hata mbuzi, na yakigongwa yanaingia kwenye rejeta.

Siku ya kufunga, simama hapo gereji. Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limeshuka kwenye magurudumu yake. Fundi akizikaza likiwa limening'inia kwenye jeki, mpira unabaki umejipinda na utakatika mapema. Kama nyuma imeinuka kwenye Hilux au Prado ya zamani, mwulize kuhusu vali ya breki inayosoma mzigo. Ikidhani gari ni tupu, itapunguza nguvu ya breki za nyuma, na kuna kibano cha kuirekebisha. Kisha alainimenti, taa za mbele zishushwe zisiwapofushe wanaokuja, na mwenye bima yako aarifiwe kwa maandishi. Baada ya kilomita 1,000 rudi bolti zote zikazwe tena, hasa za mabano ya bulbaa.