Ngoma Iko Huku: Salum Abdallah kwenye CD, na betri za mwaka 1982

CD ilipoanza tu kulia nikamwambia mpwa wangu, "Hii wameikimbiza." Gitaa zilikuwa mbio, na Salum Abdallah niliyemzoea, yule mwenye sauti nzito ya mtu aliyeshiba, amegeuka kijana mwembamba mwenye haraka zake. Dakika kumi hazijapita nilikuwa nimeshatoa hukumu kwamba huko Ulaya walikosea spidi walipohamisha nyimbo kutoka kwenye santuri. Hukumu hiyo nimeifuta, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza bidhaa yenyewe. Inaitwa *Ngoma Iko Huku*, ya Salum Abdallah na bendi yake ya Morogoro, Cuban Marimba Band, nyimbo zao za kati ya 1955 na 1965. Imetolewa Ujerumani na Dizim Records mwaka 2000, kwa hiyo si mzigo mpya dukani. Mpwa wangu anayeishi Hamburg aliisaka mtandaoni, akaipata iliyokwisha kutumika kwa euro 15, akanifungia kwenye soksi ndani ya begi lake. Ilifika salama.

Kwa wadogo zetu ambao wakisikia Morogoro na muziki wanamtaja Mbaraka Mwinshehe peke yake: kabla ya Mbaraka kuvuma na Morogoro Jazz, mji ule ulikuwa wa Salum. Alikuwa mtoto wa palepale, na mapenzi yake kwa rumba yalitokana na zile santuri za Cuba zenye alama ya G.V. ambazo kampuni ya HMV ilizisambaza Afrika tangu miaka ya 1930. Husimuliwa kwamba ujanani alitoroka nyumbani akitaka kufika Cuba kwenyewe, akaishia Mombasa kwa kukosa meli. Sijui kama ningekuwa na ujasiri huo kwa ajili ya wimbo. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na bendi ikabaki mikononi mwa Juma Kilaza.

Nilikuwa nimejaribu njia ya mkato kabla ya hii. Kariakoo, kwa kijana mmoja mwenye meza ya diski za zilipendwa, nilinunua moja kwa shilingi elfu tatu, imeandikwa kwa kalamu ya wino "Moro zote". Nyimbo zaidi ya sitini! Nilipofika nyumbani nikakuta kumi na nne zimerudiwa, mbili ni za taarabu, na nyingi zimerekodiwa kutoka redioni kwenye kanda, kisha kanda ikaingizwa kwenye kompyuta. Wimbo mmoja mtamu kabisa unakatwa katikati na mtangazaji anayetaka kusoma matangazo ya vifo. Na mimi nikamsikiliza hadi mwisho, nijue kafa nani.

Baada ya hiyo, CD ya Ujerumani ni kama kuvua miwani yenye ukungu. Usitegemee usafi wa studio ya leo. Nyimbo hizi ni za mono, yaani sauti zote zinatoka njia moja, na zama zile Tanganyika haikuwa na kiwanda cha santuri, bendi iliyotaka sahani ilibidi iwategemee watu wa Nairobi au Mombasa. Kimkwaruzo cha chini chini bado kipo, na mimi nashukuru kipo. Nimeshasikia matoleo mengine ya muziki wa zamani ambayo fundi kaikomalia kelele ya sindano hadi akaondoka nayo pamoja na ncha za gitaa, ukabaki na muziki uliofunikwa blanketi. Hapa sivyo. Manyanga unayasikia chembe kwa chembe. Gitaa la besi, ambalo kwenye diski ya Kariakoo lilikuwa uvumi tu, hapa linatembea. Na maneno yanasikika yote, jambo kubwa kwa mtunzi kama Salum aliyepanga beti zake kama mtu wa mashairi na kuacha waitikiaji wamalizie.

Sasa turudi kwenye spidi.

Mimi nimezaliwa 1971. Salum alikuwa ameshafariki miaka sita. Nilimjua kupitia gramafoni ya marehemu baba, ile ya sanduku ambayo mfuniko wake ndio spika, ikitumia betri kubwa sita. Umeme mtaani kwetu Mji Mpya ulikuwa haujafika nyumba yetu. Santuri zilikaa kwenye boksi la maziwa ya unga, nyingi za mizunguko 45 kwa dakika, baadhi zina nembo ya santuri ya Mzuri ya Mombasa, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa ila baba na, kwa ruhusa maalumu, kaka.

Fahamu zangu za muziki zimeanza kama 1980 hadi 1984. Wa umri wangu mnakumbuka hali ilivyokuwa baada ya vita vya Kagera. Sabuni foleni, sukari foleni, betri kwa kujuana na mtu wa duka la kaya. Jozi sita zikipatikana, redio ndiyo iliyokula kwanza kwa sababu ya taarifa ya habari. Zikichoka kwenye redio, zinahamia kwenye gramafoni. Zikichoka kwenye gramafoni tunazianika juani juu ya bati, zinapata uhai wa nyimbo mbili au tatu. Kaka alikuwa na imani yake ya kuzing'ata pembeni, na kuna betri zilizotoka kwetu na alama za meno yake.

Hivyo Jumapili jioni baba akiweka Cuban Marimba, muziki ulitoka taratibu, mzito, unavuta miguu. Wimbo ukikaribia mwisho unazidi kuzama kama mtu anayesinzia. Kwangu mimi huo ndio ulikuwa uzuri wake. Niliamini watu wa kabla ya uhuru walikuwa watu wasio na haraka.

Mama, ambaye ana miaka 82, alikuwa amekaa sebuleni siku tulipoiweka hii CD. Nilipolalamika kwamba wameikimbiza, akanitazama kama anayemtazama mtu aliyesema chai ni chumvi.

"Kukimbia wapi? Huo ndio mwendo wake."

"Mama, ya baba ilikuwa inakwenda polepole."

"Ya baba yako ilikuwa na njaa."

Hakuinuka kwa sababu magoti hayamruhusu, lakini miguu ilikuwa inahesabu chini ya kiti, na mabega yakaingia yenyewe kwenye chachacha. Aliwaona kwa macho yake mwaka 1963, akiwa msichana, na gauni aliloshonewa kwa siku hiyo. Akasema huwezi kucheza nyimbo zile kwa mwendo ninaoutaka mimi, ungelala ukiwa umesimama.

Ubishi ukaisha kwa karatasi. Gramafoni ya baba bado ipo, fundi alishaibadilisha mkanda wa mpira. Tukatia betri mpya, tukabandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, mpwa akashika saa ya simu, mimi nikahesabu mizunguko: 45 kwa dakika, sawasawa na inavyotakiwa. Kisha tukatoa betri zilizochakaa kwenye tochi ya mlinzi. Mizunguko 40. Mpwa, ambaye anapiga kinanda, akasema hiyo ni kushuka karibu toni moja nzima, na wimbo wa dakika 3 unakuwa wa dakika 3 na sekunde 22. Tukaiweka santuri pekee ya Cuban Marimba tuliyobakiwa nayo, yenye ufa lakini inapita, kwa betri mpya. Ikaenda sambamba na CD. Walioihamisha hawakukosea kitu. Miaka arobaini nimekuwa nikipenda betri zinazokufa.

Kwa anayefikiria kuinunua: CD hii naipa nyota nne na nusu. Nusu nimeizuia kwa sababu ya umbo la CD lenyewe, wala si kosa la walioitoa. Santuri ya 45 ilikupa wimbo mmoja, ukanyanyuka, ukageuza, ukapata wa pili. Katikati hapo mtu alikuwa na nafasi ya kusema neno kuhusu alichosikia. Ukiziweka nyimbo zilezile mfululizo kwa saa nzima zinaanza kufanana, na hazistahili hivyo. Mimi nasikiliza nne kwa siku, basi. Pia hakikisha una cha kuchezea. Deki ya DVD ya zamani inatosha, kompyuta mpakato za siku hizi hazina hata mdomo wa kuingizia. Na kama unatafuta Cuban Marimba ya Kilaza, si humu, hii inaishia alipoishia Salum.

Ukiipenda, tafuta pia *The Tanzania Sound*, mkusanyo wa bendi mbalimbali za miaka ya 1960 ambao marehemu John Storm Roberts, mwandishi wa mambo ya muziki, aliutoa Marekani miaka ya 1980. Inanikera kidogo kwamba nyimbo za Morogoro na Dar inabidi zipitie New York na Ujerumani ndipo zinirudie, ilhali kanda za redio ya taifa zipo hapahapa Dar es Salaam. Lakini nimelipa, na ningelipa tena.

Wiki iliyopita mpwa alinihamishia nyimbo kwenye kompyuta na kunionyesha jinsi ya kuzishusha kutoka 45 hadi 40, mwendo na sauti kwa pamoja. Nilisubiri mama aingie jikoni, nikaweka mmoja. Ukatoka Salum wangu mwenyewe, mzito, asiye na haraka, na jioni za Mji Mpya zote nyuma yake. Sikufika hata ubeti wa pili.

"We," mama akaita kutoka jikoni, "hizo betri zimekwisha. Kazianike."