Daktari alimkata mama kauli, na jibu lilikuwa mle mle

Ni kliniki ya binafsi huku Mwembe Tayari, Mombasa, jina sitaji. Majuzi nilimpeleka mamangu, kikohozi kikavu kinamnyima usingizi. Hata hajakaa vizuri, akaanza: "Daktari, tangu nibadilishiwe dawa ya presha..."

"Mama, makohozi yapo hayapo?" Macho kwenye kompyuta, vidole vishaanza kuchapa. Akaandikiwa amoksilini na dawa ya maji ya kifua. "Mwengine aingie!"

Dawa aliyobadilishiwa ni enalapril. Kundi la dawa za presha iliyomo linajulikana kwa kuleta kikohozi kikavu, bila homa wala makohozi, pengine miezi baada ya kuanza, kwa sababu bradikinini, kemikali ya mwili, haivunjwi ipasavyo na koo linabaki likiwasha. Antibayotiki kama hiyo amoksilini haigusi kitu hapo. Mgonjwa hubadilishiwa dawa, mara nyingi hupewa losartan, dawa ya presha ya kundi jengine, na kikohozi hutoweka kwa wiki chache. (Asiache mwenyewe lakini, presha itapanda.)

Na foleni isiwe kisingizio. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walikuta madaktari wakiwakatiza wagonjwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Uswisi mwaka 2002 wagonjwa wakaachwa waseme hadi wamalize: wastani sekunde 92, na karibu wanane katika kila kumi walimaliza ndani ya dakika mbili. Dakika mbili! Daktari aulize kilichomleta mgonjwa, anyamaze, kisha aulize "kuna jengine?" kabla hajashika kalamu, na atake kuona pakiti za dawa. Basi.

Nesi wa kupima presha namsifu kwa moyo wote. Alimpumzisha mama dakika tano, akamwekea mkono mezani usawa wa moyo, akamsikiliza, akaandika dawa zote kwenye kadi, enalapril ikiwemo. Kwa ajili yake nilitaka kuwaambia nendeni tu, ila mfike na pakiti zenu na jina la dawa mpya mlitaje kabla ya salamu.

Lakini kadi hiyo ilikuwa mezani, mbele ya daktari, na hakuifungua. Nikilikumbuka hilo hasira zinanipanda upya. Mtu mzima kama mamangu ashindane mbio na daktari ili asikilizwe, na pesa ametoa? La. Kupima presha nendeni. Kwa daktari yule msiende.