Sola ya nyumbani na Nissan Leaf ya mtumba, Mbezi Beach

Juu ya bati nina paneli 8 za wati 550, ukutani inveta ya kilowati 5 na betri ya lithiamu ya kWh 5. Kwa taa, friji, feni na TV sina neno: umeme ukikatika usiku, watoto hata hawajui. Pasi tunaisubirisha hadi saa sita mchana, jua likiwa kali.

Gari sasa. Leaf hii ya umeme (skrini bado inaongea Kijapani) ilitoka kiwandani na betri ya kWh 24, kwa hiyo ukiichaji usiku unakausha betri ya ukutani kabla ya gari kufika hata robo. Tunaichaji mchana, ampea 10, kama kilowati 2.3, yaani wikiendi tu. Siku za kazi linashinda Posta, katikati ya jiji, na usiku LUKU (umeme wa TANESCO wa kulipia kabla) inahusika.

Ubaya ni fundi aliyefunga. Soketi ya gari aliipa waya mwembamba, plagi ikapata moto mpaka ikageuka kahawia. Fundi mwingine akavuta waya wa milimita 6 wenye breka yake peke yake. Mkikubaliana bei na fundi, mwambie waya huo na breka yake aviandike kabisa kwenye risiti.