Kozi ya wiki sita Yogyakarta, utamaduni na media za Indonesia: maoni yangu

Jamani nimerudi Dar juzi na inboksi imejaa, ile kozi vipi, nilipe nisilipe. Lipa. Chuo sikitaji hapa maana na lawama ninazo, ntazisema.

Mnasoma jinsi lugha, sanaa, redio, tv na sasa simu vilivyoitengeneza jamii ya Indonesia mwaka hadi mwaka. Wanaanza na lugha na hapo ndo niliponogewa, maana 28 Oktoba 1928 vijana walikutana Jakarta, enzi hizo Batavia, wakaapa nchi moja taifa moja lugha moja, na hawakuchagua Kijava chenye wasemaji wengi kuliko zote, walichukua Kimalei cha wafanyabiashara wa bandarini. Mswahili huhitaji kuchorewa hapo. Na maneno yenyewe sasa, kabar ni habari, waktu ni wakati, bendera ni bendera, mwalimu akiandika ubaoni mi natabasamu tu.

Usiku wa wayang kulit, maonyesho yao ya vivuli vya vikaragosi, ndo sitausahau. Tulikaa upande wa dalang, yule mchezeshaji, nikaona vikaragosi vya ngozi ya nyati vimechomekwa kwenye shina la mgomba kabisa, mgomba kama wa nyumbani, taa juu ya kichwa chake, gamelan, yale magongo na ngoma zao, inalia nyuma mpaka alfajiri. Katikati ya usiku wanatoka wachekeshaji, Semar na wanawe, wanaongea mambo ya leo na watu waliosinzia wote wanaamka. Mwalimu akatuambia enzi za rais Suharto serikali iliwatumia madalang kuingiza ujumbe wa uzazi wa mpango, yani nikakumbuka ngonjera zetu za Ujamaa hapohapo.

Wiki ya tv nayo imepangwa vizuri sana. TVRI, televisheni ya serikali, ilianza 1962 kwa ajili ya michezo ya Asia pale Jakarta, 1976 wakarusha setilaiti yao Palapa ili visiwa vyote viangalie kitu kimoja, 1981 matangazo ya biashara yakapigwa marufuku, na hata stesheni binafsi zilipoanza 1989 zililazimishwa kujiunga na taarifa ya habari ya serikali.

Ila kilichonifanya niseme lipa ni zoezi la kumhoji mtu mzima wa pale unapoishi. Mi nilimhoji Ibu, yani mama, mwenye nyumba. Akaniambia utotoni walikuwa wanaenda kuangalia tv kwa jirani, nyeusi na nyeupe, wanavua ndala mlangoni. Halafu akasimulia ile filamu ya serikali kuhusu mauaji ya majenerali 1965, kila 30 Septemba inarushwa mpaka Suharto alipoanguka 1998, na yeye aliamini kila kitu mle. Filamu haisemi kitu kuhusu laki na laki za watu waliouawa baada ya pale kwa kuitwa wakomunisti. Nikamuuliza alijua lini, akainamia chai akakoroga muda mrefu wakati sukari ilishayeyuka zamani, akasema mume wangu alikuwa na mjomba. Akaishia hapo na mi sikuuliza tena. Hilo hakuna mhadhara ungenipa.

Lawama sasa. Kila kitu ni kisiwa cha Java, Java, Java, nchi ina visiwa zaidi ya elfu 17 lakini Papua na Maluku zimepewa asubuhi moja tu, hiyo si haki kabisa kwa kozi yenye jina la Indonesia. Makala za wiki ya pili ni skani za giza hazisomeki, tumelalamika mpaka tumechoka. Na wiki ya mitandao ya simu ilikuwa nyepesi mno wakati Waindonesia wanaishi humo asubuhi mpaka usiku.

Ukijiunga waombe wakupangie kwenye nyumba yenye mzee, mapema, maana wenzangu waliowekwa hosteli walihangaika sana na lile zoezi. Na anza Kiindonesia hata miezi miwili kabla, Ibu hakuwa na Kiingereza na yale maneno ya mjomba aliyasema kwa lugha yake.